Maigizo ya kuzunguka mashuleni na historia ya haki za raia Marekani: watoto wanajifunza au wanapiga makofi tu?

#1 MamaWawili_Ohio
Wakuu, salama. Niko Columbus, Ohio. Wiki iliyopita kikundi cha maigizo kilikuja shuleni kwa mwanangu wa darasa la tano. Waigizaji wanne na gari moja la mizigo, wakapanga vitu vyao kwenye ukumbi wa mazoezi, wakaigiza kama saa moja hivi. Habari yenyewe ilikuwa ya Freedom Riders, wale waliopanda mabasi kwenda Kusini mwaka 1961, weupe na weusi wakikaa pamoja. Basi lenyewe ni mabenchi mawili na usukani wa mbao.

Mtoto amerudi anajua Anniston iko Alabama. Anajua basi lilichomwa moto tarehe 14 Mei. Anajua waliokamatwa Mississippi walipelekwa gereza la Parchman, wakawa wanaimba humo mpaka askari wakawanyang'anya magodoro, na bado wakaimba. Mwaka jana walisoma sura nzima ya mambo haya kwenye kitabu, nilipomuuliza akasema "ni habari za Martin Luther King". Basi, ikaishia hapo.

Mimi nasema nusu ya hela ya vitabu wapewe waigizaji. Nipingeni.

#2 Kibatari
Nakupinga. Mtoto amekumbuka moto, askari na magodoro, yaani vile vinavyoonekana. Muulize wale watu walipanda basi kupinga nini hasa, na mahakama ilikuwa imeshasema nini kabla hawajapanda. Akijibu nafuta bandiko langu.

#3 MamaWawili_Ohio
Yuko hapa anakula. Anasema "sheria ilishabadilika ila watu wa stendi hawakutaka kuifuata, wakaenda kuijaribu". Futa.

#4 Kibatari
Umemnong'oneza.

#5 Bongo Ughaibuni
😂😂 Kibatari huwa hafuti. Nina miaka humu sijaona.

Ila mtoto yuko sahihi. Desemba 1960 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba abiria wa safari za kuvuka majimbo hawabaguliwi kwenye migahawa na vyumba vya kusubiria vya stendi. Mei 1961 watu 13 wakaondoka Washington kwenda kuona kama uamuzi huo unaheshimiwa. Jibu walilipata Anniston.

#6 Mwalimu Dodo
Nafundisha historia sekondari huku Morogoro na nasimamia klabu ya maigizo, kwa hiyo nina maslahi, nisemehe mapema. Namuunga mkono Kibatari nusu.

Tuliwahi kuigiza vita vya Maji Maji kwa shule za jirani, tukazunguka na daladala ya kukodi. Watoto walilia pale watu wanapokufa. Baada ya muhula niliwauliza chanzo cha vita. Karibu wote waliandika maji ya Kinjeketile. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi, viboko vya maakida, hakuna aliyevikumbuka vizuri, wakati tulivitaja kwa dakika kumi mwanzoni kabisa. Kilichotajwa tu kilipotea, wakakumbuka tulichokionyesha kwa mikono. Mwaka uliofuata tulimwita mwanafunzi mmoja kutoka kwenye watazamaji, tukampa gunia, tukamwambia ajaze, akijaza tunamwongezea lingine. Hiyo wameikumbuka.

Kwa hiyo mimi naona siri haiko kwenye jukwaa. Siri iko kwenye kumfanya mtoto afanye kitu kwa mwili wake.

#7 Bongo Ughaibuni
Mwalimu umenikumbusha. Pale makumbusho ya historia ya Marekani, Washington, kuna kipande cha ile kaunta ya chakula ya Greensboro, North Carolina, iliyohudumia weupe tu, walipokaa wanafunzi wanne weusi tarehe 1 Februari 1960 wakakataa kuondoka bila kuhudumiwa. Kulikuwa na maigizo yanafanyika mbele yake: mwigizaji mmoja tu anajifanya mratibu wa mwaka 1960, anawageuza watalii kuwa wanafunzi wa mgomo. Anakuuliza: ukimwagiwa kinywaji kichwani utafanya nini? Akikutukana mama yako? Kulikuwa na njemba mmoja mnene amevaa kofia ya besiboli, akajibu "nampiga". Mwigizaji akamwambia kwa upole, basi kesho wewe usije, utatuharibia. Jamaa akanywea kabisa.

Mpaka leo nikisikia neno "kutotumia nguvu" namwona yule njemba. Nilikuwa nadhani ni upole wa kuzaliwa nao, kumbe walikuwa wanafanyishwa mazoezi.

#8 Chumvi ya Pwani
Mnaongea kama kitu hiki kimeanza jana. Walioanza kuzungusha maigizo ya haki za raia walifanya hivyo vita ikiwa bado inapiganwa. Someni habari za Free Southern Theater.

Mwishoni mwa 1963, chuo cha Tougaloo karibu na Jackson, Mississippi, vijana watatu, Doris Derby, John O'Neal na Gilbert Moses, walikaa wakaamua kuanzisha kikundi cha maigizo cha kuzunguka. Derby na O'Neal walikuwa wa SNCC, ile jumuiya ya wanafunzi waliopigania haki za weusi. Moses alikuwa mwandishi wa gazeti. Mississippi ya wakati huo weusi waliokuwa wameandikishwa kupiga kura walikuwa chini ya asilimia 7. Ukienda kujiandikisha, karani anakupa kifungu cha katiba ya jimbo ukisome, ukieleze, na yeye peke yake ndiye anayeamua umeeleza vizuri au vibaya. Unaweza kuwa mwalimu wa shule ukafeli.

Kiangazi cha 1964, mamia ya wanafunzi wa vyuo walishuka Mississippi kufundisha kwenye Freedom Schools na kuandikisha wapiga kura. Tarehe 21 Juni wenzao watatu, Chaney, Goodman na Schwerner, waliuawa; miili ilipatikana Agosti chini ya bwawa la udongo. Katika hali hiyo ndipo hawa nao wanapakia vyombo kwenye gari, wanaenda mji kwa mji na mchezo uitwao In White America, uliotungwa kwa barua, hotuba na ushahidi wa watu halisi kuanzia utumwa. Makanisani, kwenye vituo vya jamii, popote. Hakuna kiingilio. Wengi wa waliokuja walikuwa hawajawahi kuona mchezo wa jukwaani maishani mwao.

Kwa hiyo MamaWawili, mwanao kafundishwa historia kwa njia ambayo yenyewe ni sehemu ya historia hiyo.

#9 Kibatari
Bandiko zuri, ila umechanganya mambo mawili. Kuigiza kwa watu wanaoishi kwenye ubaguzi ni kuwapa moyo. Kuigiza kwa mtoto wa Ohio mwenye tableti ni somo.

#10 Chumvi ya Pwani
Baadaye wakapeleka na Waiting for Godot.

#11 Fundi Mitambo
Subiri kwanza. Ile ya watu wawili wanamsubiri mtu haji, mchezo unaisha? Waliipeleka kwa wachuma pamba wa Mississippi? 🤣 Wasomi bwana. Mtu katoka shamba tangu alfajiri unamletea Godot.

#12 Chumvi ya Pwani
Cheka tu, lakini uliza ilikuwaje walipoigiza Godot mji wa Ruleville, Mississippi. Fannie Lou Hamer alikuwepo. Huyu ni mama aliyefukuzwa shambani mwaka 1962 siku ileile aliyokwenda kujiandikisha kupiga kura, na mwaka uliofuata akapigwa vibaya mahabusu ya Winona mpaka akabaki na ulemavu. Wakati wa mapumziko akasimama akawaambia waliokuwepo kwamba wao si kama hao wawili, wao hawakai kusubiri, maana hakuna aliyewahi kuwaletea kitu. Lazima wakitafute wenyewe. Mchezo ambao maprofesa wanaugombania, mama aliyeacha shule utotoni akaufungua kwa dakika moja.

#13 Fundi Mitambo
Sawa, hapo nimekaa kimya.

#14 Kibatari
Mimi sijakaa kimya. Hamer alikuwa anajua hayo kabla ya mchezo. Walipata somo la bure kutoka kwake, halafu sifa tunawapa waigizaji. Unaona? Kinachofundisha ni mazungumzo ya mapumziko. Toa mchezo, weka Mama Hamer na kiti, matokeo ni yaleyale.

#15 Mwalimu Dodo
Kibatari, kwa nini basi asiyasemee hayo kwenye mkutano wa kawaida tu, ayasemee pale? Mchezo ulimpa cha kukataa. Wanafunzi wangu ukiwauliza "mna maoni gani" wanaangalia sakafu. Ukiwaonyesha mtu anafanya ujinga jukwaani hata bubu anataka kusema.

#16 Lubumbashi_Kwetu
Bandugu, jambo. Mimi niko Louisville, Kentucky, tulikuja na mpango wa wakimbizi. Naomba niseme upande mwingine.

Shule moja ya hapa, sitaitaja, ilileta kikundi cha namna hiyohiyo. Walitaka mtoto wa kupanda jukwaani aigize yule anayefukuzwa kwenye kaunta. Ukumbi mzima una watoto weusi wachache. Mwigizaji kachagua nani? Binti yangu. Miaka kumi, Kiingereza bado kinamsumbua, hajui Greensboro ni nini, anasikia tu mtu mzima mweupe anamwambia kwa sauti kubwa "hatuhudumii watu kama nyinyi". Watoto wote wanamwangalia. Wenzake wakapiga makofi mwishoni. Yeye alirudi nyumbani akaniuliza kama hapa pia tutafukuzwa.

Mwalimu Dodo anasema mtoto afanye kwa mwili. Sawa. Mwili wa nani?

#17 MamaWawili_Ohio
Pole sana ndugu yangu. Kwa kweli hili sikulifikiria. Kwa mwanangu waigizaji walicheza sehemu za kuonewa wenyewe, watoto walipewa kuimba na kuwa abiria tu.

#18 Mwalimu Dodo
Lubumbashi, hilo swali ni halali na sina jibu la haraka. Ninachojua, hata yule wa gunia kwetu anachaguliwa kwa kujitolea, na anaambiwa mapema kitakachotokea. Kumshtukiza mtoto si maigizo, ni uonevu wenye taa.

#19 Bongo Ughaibuni
Na ndiyo maana yule wa makumbusho alikuwa anatufundisha mgomo, hakutubagua. Hakuna aliyeigiza mbaguzi. Ubaguzi uliachwa kwenye maswali.

#20 Kibatari
Ila ukiondoa mbaguzi jukwaani, mtoto atadhani ubaguzi ulikuwa hali ya hewa. Lazima kuwe na mtu aliyeufanya, mwenye kazi, mshahara na kanisa. Karani wa Mississippi alikuwa jirani wa mtu.

#21 Lubumbashi_Kwetu
Aonyeshwe, sikatai. Asielekezewe binti yangu.

#22 Asali Chungu
Nimesoma mpaka hapa. Tatizo langu na haya maigizo ni ushujaa. Niko Atlanta, nimeona mchezo wa Rosa Parks: bibi kizee katoka kazini miguu inauma, amechoka, kakataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, kesho yake ubaguzi umeisha. Pazia. Watoto wanatoka wanaamini mabadiliko yanaletwa na bibi mmoja mwenye malengelenge.

#23 Chumvi ya Pwani
"Bibi kizee" alikuwa na miaka 42. Na alikuwa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, tawi la Montgomery, Alabama, kiangazi hichohicho cha 1955 ametoka mafunzoni Highlander, shule ya wanaharakati huko Tennessee. Yeye mwenyewe alikuwa anasema uchovu wake haukuwa wa mwili.

#24 Asali Chungu
Ndiyo ninachosema. Na miezi tisa kabla yake, tarehe 2 Machi 1955, Claudette Colvin, miaka 15, mwanafunzi, alikataa kusimama kwenye basi la Montgomery hiyohiyo akaburutwa na polisi. Ukitaka kufundisha vijana, kwa nini humwigizi kijana mwenzao? Viongozi wa harakati walimficha kwa sababu alipata mimba.

#25 Bongo Ughaibuni
Hapo tuweke sawa. Mimba ilikuja baada ya kukamatwa, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu pekee. Viongozi walisita kuanzia mwanzo: umri wake, familia haina uwezo, wanasema ana hasira. Na kisheria kesi yake ilikuwa imeharibika. Kwenye rufaa shtaka la kuvunja sheria ya ubaguzi liliondolewa, likabaki la kumshambulia askari. Kwa shtaka hilo huwezi kupinga sheria ya mabasi.

#26 Asali Chungu
Kwa hiyo ilikuwa hesabu za wanasheria, sio aibu?

#27 Chumvi ya Pwani
Wengine wanasema pia ni rangi. Alikuwa mweusi zaidi ya waliokuwa wanapendwa kuwekwa mbele. Colvin mwenyewe amelisema hilo akiwa mtu mzima.

#28 Kibatari
Na hakufichwa moja kwa moja. Kesi iliyoua ubaguzi wa mabasi Montgomery ni Browder v. Gayle ya 1956. Colvin alikuwa mmoja wa walalamikaji na alitoa ushahidi. Rosa Parks hakuwemo kwenye kesi hiyo. Watu waligomea mabasi siku 381 wakitembea kwa miguu, lakini kalamu iliyofuta sheria ilitumia jina la Colvin na wenzake. Sasa niambieni, nani ataigiza kesi ya madai mbele ya darasa la tano? Mtalala nao.

#29 Mwalimu Dodo
Nipe wanafunzi sita, meza moja na koti jeusi la jaji. Hutalala.

#30 Kisumu Ndani
Wadau. Nimekuja kuwakumbusha kwamba Kenya ilihusika 😎 Desemba 1963, siku chache tu baada ya uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta. Vijana wa SNCC wakaenda kumsalimia hotelini, wakatoka hapo wakaenda mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakakaa, wakakamatwa. Hata wimbo wakamtungia. Huo ni mchezo wa saa moja, unajitunga wenyewe: waziri wa nchi huru amekaribishwa hotelini, raia weusi wa Marekani yenyewe hawawezi kuuziwa kahawa.

Na habari ya maigizo ya shule kutisha wakubwa msituambie sisi. Butere Girls, shule ya sekondari ya wasichana Kenya, mchezo wao ulizuiwa 2013, mahakama ikawafungulia. Wakazuiwa tena 2025, mahakama ikasema waachwe, wakafika Nakuru kwenye mashindano ya taifa ya maigizo, mwandishi wao kakamatwa, wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka, na mabomu ya machozi yakapigwa. Kama maigizo hayafundishi kitu, mabomu ya nini?

#31 Kibatari
Serikali kuogopa kitu si ushahidi kwamba kinafundisha. Serikali huogopa hata vibonzo.

#32 Kisumu Ndani
Vibonzo pia vinafundisha. Next.

#33 Kilimanjaro Mpole
Kuna kitu mmepita. Aliyekuwa anaongoza mradi wa Mississippi 1964, Bob Moses (si Gilbert wa maigizo, msiwachanganye), baadaye alikuja Tanzania, akafundisha hisabati Same, Kilimanjaro, kuanzia 1969 mpaka 1976. Akarudi Marekani akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto maskini, akisema hisabati ndiyo haki ya raia ya sasa. Mjomba wangu kasoma Same. Ngoja nimpigie.

#34 Fundi Mitambo
Watu wa Kilimanjaro kila historia lazima ipitie kwao.

#35 Kilimanjaro Mpole
Mjomba anasema alimaliza 1968, hakumkuta. Anauliza pia nani anauza shamba.

#36 Asali Chungu
😂😂😂

Turudi. Chumvi, hao Free Southern Theater waliishia wapi? Kama ilikuwa nzuri hivyo mbona ilikufa?

#37 Chumvi ya Pwani
Walihamia New Orleans, wakaendelea kuzunguka Mississippi na Louisiana. Ukisoma wenyewe wanavyoeleza hawakubaliani. Wapo wanaosema hela: fedha nyingi zilichangishwa Kaskazini, New York, na wafadhili wakichoka unachoka. Wapo wanaosema mgogoro wa ndani: walianza wakiwa mchanganyiko, weupe na weusi, kufikia 1966 swali likawa hiki ni kikundi cha kuunganisha rangi au ni maigizo ya weusi kwa weusi. O'Neal naye akawa nje kipindi hicho kwa sababu alikataa kwenda jeshini. Na wapo wanaosema harakati zenyewe zilipungua, ukumbi ukabaki bila mkutano wa kuufuata.

Mwaka 1985 walikizika rasmi. Nasema kukizika: mazishi ya New Orleans na bendi ya tarumbeta. O'Neal akaendelea peke yake na mhusika wake Junebug Jabbo Jones, mzee msimulizi, na ile mizunguko ya hadithi ambapo baada ya onyesho watu wanakaa duara, kila mtu anasimulia la kwake, hakuna kubishana.

#38 Kibatari
"Hakuna kubishana." Jukwaa hili lisingedumu siku mbili.

Lakini ona: mwisho wa safari yote mtu mwenyewe kafika palepale nilipowaambia bandiko namba 14. Duara, watu, mazungumzo.

#39 Mwalimu Dodo
Baada ya onyesho, Kibatari. BAADA.

#40 Bongo Ughaibuni
Mimi naweka sababu ya tatu ya mtoto kukumbuka: mgeni. Mtoto anamwona mwalimu wake kila siku. Leo inakuja gari na watu asiowajua, wanashusha masanduku, somo linageuka sikukuu. Hata wakileta fizikia atakumbuka.

#41 MamaWawili_Ohio
Hapo umegusa kitu, kwa sababu mwanangu siku ile alianza kwa kunisimulia gari, ndipo akaja kwenye basi.

Na kuna hili: barua ya ruhusa ililetwa nyumbani mapema, ina maelezo marefu kama tunasaini upasuaji. Tangu 2021 majimbo kadhaa, Texas na Tennessee yakiwemo, yameweka sheria za kubana mada za rangi madarasani, na walimu hata wa majimbo mengine wamekuwa waoga. Mama mmoja kwenye kundi la wazazi aliandika kwamba mwanawe asikae kwenye onyesho. Alikaa maktaba. Hakuna aliyemuuliza mtoto.

#42 Lubumbashi_Kwetu
Mimi ningetaka nipewe hiyo barua. Sikupewa.

#43 Asali Chungu
Wote wawili mmeonyesha tatizo moja kwa pande mbili. Ila simpingi mama wa maktaba kwa haki yake, nampinga kwa sababu yake.

#44 Kisumu Ndani
Lubumbashi, nyie Louisville mko wengi mnaoongea Kiswahili. Kwa nini msitunge wenu? Ya Odinga nawapa bure. Watoto waigize kwa Kiswahili, wazazi waelewe, binti yako awe mwongozaji badala ya kufukuzwa.

#45 Lubumbashi_Kwetu
Kanisani kwetu kuna kijana anapiga ngoma na anaandika vizuri. Nitamwambia. Lakini akina mama watataka iwe ya Patrice Lumumba, tutagombana.

#46 Fundi Mitambo
Fanyeni zote mbili. Odinga nitaigiza mimi, kofia ninayo.

#47 Kibatari
Nani ataandika ya Odinga? Mkishaandika nileteeni nisome kabla, nione kama mmeweka kilichobadilika baada ya kukamatwa, maana najua mtamaliza na wimbo.

#48 Mwalimu Dodo
Bandiko namba 2 bado liko pale, halijafutwa.

#49 Kibatari
Muhula haujaisha. Mtoto aulizwe tena Desemba, mama yake akiwa chumba kingine.